Mkono wa Mama Mkwe Kichuguuni

Februari mwaka jana nilifiwa na mke wangu. Machi, mvua ilipokolea, mama mkwe alisema anataka uyoga wa kichuguuni, ule binti yake aliokuwa akiupenda. Macho yake yameingia ukungu, na ndiye anayenilelea mtoto. Sikuweza kumwacha apande vilimani peke yake.

Kwetu Wasukuma, mwanamume hamgusi mama wa mkewe. Hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja. Hata siku ya mazishi tulilia kila mtu upande wake. Basi tulipanda vilima vya Ilemela yeye mbele, mimi nyuma.

"Mkwe, upo?"

"Nipo, mama."

"Mbona kimya? Hata ng'ombe akipanda mlima husikika anapumua."

Tangu msiba maneno yalikuwa yamenipungua.

Uyoga tuliukuta nyuma ya miamba, kichuguu kizima kimekuwa cheupe. Mama akapiga magoti, akawa anaung'oa kwa kupapasa, akizungusha shina taratibu lisikatike. Juu ya mwamba pimbi walikuwa wakiota jua. Ghafla wakapiga mlio mkali, wakatoweka wote.

Nikatazama chini. Kwenye tundu la kichuguu, karibu na kiwiko cha mama, swila alikuwa anatoka.

"Mama, tulia. Usisogeze mkono."

"Nisisogeze nini? Huku kuna mkubwa."

Mkono ukazidi kwenda. Swila akainua kichwa, shingo ikatanuka. Nilitafuta fimbo kwa macho, sikuiona. Nikawa nimesimama nawaza pa kumshika mama. Begani? Kiunoni? Kisha nikamkumbatia kwa nyuma, nikamvuta, tukaanguka wote wawili kwenye majani mabichi. Uyoga ukamwagika. Mate ya nyoka yakatua kwenye kitenge chake, chini kidogo ya kifua. Swila akarudi tunduni.

Mama alikaa akitweta, akijifunga kitenge upya.

"Umenikumbatia," alisema.

"Nimekukumbatia, mama. Kulikuwa na swila."

"Nimemsikia akipuliza." Akapapasa uyoga uliomwagika. "Nyumbani tusiseme."

"Hatusemi."

Akajaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena. Mimi nilikuwa nimeshageukia pembeni, kwa heshima.

"Sasa unatazama wapi? Umeshashika, umeshashika. Niinue."

Nikamshika mikono yote miwili, nikamwinua.