Jiwe Nililobadilisha

Mtu akija shambani kwangu na nyundo, simkaribishi, namchunguza. Hapa Migori, waliotangulia na nyundo walisema wanapima tu, kisha shamba la shemeji yangu likageuka mashimo ya dhahabu. Kwa hiyo binti yule wa chuo aliponiambia anatafuta umri wa mawe, nilimcheka moyoni. Nani hulipa nauli aje kuliuliza jiwe miaka yake?

Alinieleza kwa subira, lazima nikiri. Graniti, alisema, ni mwamba ulioyeyuka chini kabisa ya milima, ukapoa polepole. Ndani yake mna chembe ngumu zinazotunza wakati wa kupoa, na kemia yake hueleza ni kitu gani kiliyeyuka. Eti hapa kwetu palikuwa na safu ya milima; imelika, nasi tunalima juu ya mizizi yake. Niliitikia kwa kichwa tu. Alivunja kipande cha mwamba ulio nyuma ya zizi, akakitia katika mfuko mdogo wa kitambaa, akaandika namba juu yake. Alipouacha mfuko akaenda kunawa ili ale, nilikitoa, nikaweka kipande cha rangi ileile kutoka rundo la mawe ya msingi tuliyoletewa na lori kutoka mbali. Kama ni dhahabu, nilijiambia, akaitafute huko.

Alirudi baada ya mwaka, uso umechangamka. Mawe yote ya majirani yalitoa umri mmoja. Langu peke yake lilikuwa changa, na kemia yake tofauti. Kwa sababu yake alikuwa ameandika kwamba milima iliinuka hapa mara mbili. Walimu wake walitia shaka, na mwezi uliofuata angesimama mbele yao kuitetea shahada yake. Alitaka kipande kingine.

"Mama, hiyo jiwe yako ndio imenibeba," alisema.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ningeweza kunyamaza, lakini mwamba wenyewe ungenisema.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo jiwe haikuwa ya hapa. Mimi ndio nilikubadilishia."

Hakulia wala kunigombeza. Aliuliza nilifanya hivyo saa ngapi, nikamwambia ni pale alipokwenda kunawa. Akaenda nyuma ya zizi peke yake, akavunja kipande kipya. Nilipomwandalia ugali na samaki alishukuru, akala kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukuuachia mfuko hata mara moja.