Fundi wa antena wa Biryogo anayebishiwa hodi saa sita mchana

Saa tano na nusu asubuhi, Julai 1993. Twahiru Sebahire amelala kifudifudi juu ya paa la Land Cruiser nyeupe katika kichochoro cha Biryogo, mjini Kigali. Anagonga bati kwa kucha, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena. Watoto wanaotoka madrasa wanapita chini yake bila kumtazama. Wamemzoea.

"Hapa," anasema hatimaye. "Katikati kabisa."

"Utanitobolea paa?" anauliza mwenye gari kwa wasiwasi.

"Oya, hapana, hii iko ya sumaku. Lakini ukitaka isikie vizuri, acha nitoboe. Bati yote ya paa inasaidia antena. Ukiweka pembeni, inasikia upande moja, upande ingine inakuwa kiziwi."

Mwenye gari anaitwa Eustache. Ni dereva wa shirika la misaada, hupeleka unga kwenye kambi za watu waliokimbia vita kaskazini. Ndani ya gari amefunga skana, redio isiyosema, inayopitapita masafa yenyewe na kusimama panaposikika sauti. Kwa chombo hicho hujua barabara ipi imefungwa kabla hajaikuta imefungwa. Tatizo lake ni kwamba akishuka bondeni tu, skana inakuwa bubu.

Amekuja na antena aliyouziwa na rafiki, ndefu kupita gari lenyewe. Twahiru anaipima kwa mikono, kisha anacheka hadi anashika kiuno.

"Bwana Eustache, hii ni ya kusikia meli! Masafa ya juu inataka antena fupi, ya chini inataka mrefu. Ni kama kiatu. Unaweza kununua kubwa kuliko ya jirani, lakini utatembea nayo?"

Anachagua nyingine yenye urefu wa kama nusu mita, anaikandamiza katikati ya paa, anapitisha waya mlangoni na kuukata mfupi, kwa sababu waya mrefu, asema, hula sauti njiani. Kisha anaingia garini na kuwasha skana. Namba zinaanza kukimbia.

Adhana ya adhuhuri inaisha. Dakika chache baadaye Twahiru anainua mkono, na wote tunanyamaza. Namba zimesimama. Kwenye spika kunasikika mkwaruzo mfupi, mwingine mfupi, kisha mmoja mrefu. Hakuna sauti ya mtu. Halafu namba zinaendelea kukimbia.

"Ni nini hiyo?" anauliza Eustache.

"Ni mdogo wangu," anajibu Twahiru, na kurudi kwenye nyaya zake.

Mdogo wake huyo, Usumani, hajaonekana tangu Februari.

Mwandishi wa makala haya hakwenda Biryogo kutafuta mizimu. Alikwenda kuandika habari za fundi anayelisha watu tisa kwa faranga elfu mbili na mia tano kwa kazi, tena katika wiki ambazo kazi ipo. Lakini aliyoyasikia siku ile, mchana kweupe, yalimsisimua mwili, na hana sababu ya kuyaficha.

Twahiru ana umri wa miaka thelathini na minane. Ufundi aliupata Bukavu, na aliporudi alimfundisha Usumani. Kwa miaka kumi na moja walifanya kazi pamoja, mkubwa mezani na chuma cha kulehemu, mdogo juu ya mapaa na barabarani.

Wakishafunga redio ya kuzungumzia kwenye gari, Usumani alilipeleka mbali kulijaribu, Twahiru akibaki dukani kusikiliza. Hawakusemeshana hewani. Usumani alibonyeza kitufe tu, mara mbili fupi, mara moja ndefu. Waliuita mlio huo hodi.

"Wakati wa vita ukisema hewani, kila mtu anakujua," anaeleza Twahiru. "Ukibonyeza, hakuna anayekujua. Sisi wawili tu."

Mwaka huu ulipoanza, Usumani alipata kazi ya kuendesha lori dogo la mfanyabiashara wa viazi. Redio na antena ya lori hilo alivifunga Twahiru mwenyewe. Jumanne ya tarehe tisa Februari aliondoka kwenda Ruhengeri, kaskazini, siku moja baada ya mapigano kuanza upya. Hakurudi, na lori halikurudi.

Mwezi wa Aprili, Twahiru akijaribu skana ya mteja, alisikia hodi. Alidhani masikio yanamdanganya. Kesho yake akaisikia tena, saa ileile, baada ya adhana. Tangu hapo haipiti siku bila kuisikia.

Shemeji yake, Yasmina, mke wa Usumani, hushona nguo katika chumba kinachotazamana na duka la Twahiru. Ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mwenye maneno machache na mkono mwepesi. Swali linalomkondesha ni moja tu: yeye ni mke wa mtu au ni mjane?

Mama mkwe wake, Mukarugwiza, anataka hitima ya mwanawe isomwe. Kwa mama huyo, mlio ule ni wa marehemu aliyenyimwa dua.

"Mwanangu iko anabisha kwa sababu hatujamfungulia," anasema akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Miezi tano! Nani anamuacha mtoto mlangoni miezi tano?"

Shehe wao amewaambia kwamba mlio wa redio si ushahidi wa uhai wala wa kifo, akaiachia familia iamue. Hitima ikisomwa, Yasmina ataingia eda, na baada ya hapo yuko huru kuolewa. Isiposomwa, ataendelea kungoja. Mara mbili Mukarugwiza ameweka siku, na mara mbili Twahiru ameivunja.

"Nitamsomeaje hitima mtu ambaye nimemsikia mchana?" anauliza.

Badala ya kubishana na mama yake, Twahiru aliamua kutafuta mlio unatoka wapi. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwa fundi wa aina yake ni aibu. Alichukua gari la rafiki, akachomeka antena kwenye kona ya nyuma ya kushoto, mahali ambapo humkatalia kila mteja.

"Antena iko katikati inasikia pande zote, lakini haikuambii ni wapi," anasema. "Ile ya pembeni ni mbaya. Inasikia vizuri upande ambao bati iko mingi tu, yaani kuelekea kona ya mbele, kulia. Mimi nilitaka ubaya huo."

Alilipeleka gari kwenye uwanja mmoja wa mtaa wa Nyakabanda. Kwa kuwa hodi huja mara moja kwa siku na kupita, kila siku aliliegesha likielekea upande tofauti, akaandika jinsi ilivyosikika. Siku nane zilimpa mwelekeo mmoja. Akahamia upande wa pili wa mji, siku nane nyingine, akapata mwelekeo wa pili. Majirani walidhani amerukwa na akili, na wengine bado wanadhani hivyo.

Jioni moja alitandaza ramani ya mji juu ya meza ya Yasmina. Yasmina akakata nyuzi mbili kutoka kwenye cherehani yake, wakazivuta kufuata mielekeo ile. Twahiru alitarajia zielekee kaskazini, kulikopotelea lori. Zilikutana bondeni, hapahapa Kigali, mwendo wa saa moja kwa miguu.

Mwandishi aliandamana naye siku alipokwenda huko kwa mara ya kwanza. Ni yadi iliyozungushiwa mabati, yenye magari mabovu na mengine yaliyookotwa barabarani. Mlinzi, mzee aitwaye Léonce, alitufungulia baada ya salamu ndefu na sigara mbili.

Lori lilikuwa mstari wa nyuma, karibu na ukuta. Halikuwa na magurudumu. Juu ya paa, katikati kabisa, ilisimama antena. Twahiru aliijua kwa mbali. Alikwenda akaishika shina.

"Liliingia lini?" aliuliza.

"Mwezi wa tatu. Walilivuta na kamba," alijibu Léonce. "Hawakusema majina, na mimi sikuuliza."

"Na dereva?"

"Mimi niliona gari tu, mwana wangu."

Twahiru alichungulia ndani. Betri haikuwapo. Redio nayo haikuwapo, imebaki nafasi yake na waya wa antena ukining'inia, ncha yake imekatwa kwa kisu. Kwenye kiti kulikuwa na vumbi la miezi, na juu ya vumbi hilo hakukuwa na alama ya mtu kukaa.

Saa sita ilikuwa imekaribia. Twahiru alikuwa na skana ndogo ya mkononi, akaiunganisha na ule waya uliokatwa, nasi tukangoja mlangoni mwa lori. Adhana ilisikika kutoka mbali. Kisha hodi ikaja, kali kiasi kwamba spika ilitetemeka, kana kwamba anayebonyeza yuko nasi palepale. Léonce alirudi nyuma hatua kadhaa na kujipiga ishara ya msalaba. Mwandishi naye alitamani angekuwa na ishara yake.

Tulizunguka yadi nzima. Hatukuona redio, waya, wala mtu. Nje ya mabati kuna mashamba ya viazi vitamu na nyumba chache, na Twahiru alibisha katika kila moja. Hakuna aliyemwelewa.

Hadi leo ana maelezo yake, na anayashikilia. "Redio ilitolewa, basi iko kwa mtu. Huyo mtu anajua hodi. Hodi angeijua wapi kama Usumani hakumuonyesha? Na kama alimuonyesha, alikuwa mzima."

Mwandishi alimuuliza kwa nini basi mlio uje saa ileile kila siku, na bila neno. Twahiru alikiri kwamba hilo humnyima usingizi.

Jumamosi hii anakusudia kujibu. Skana haiwezi kusema, kwa hiyo ameazima redio ya kuzungumzia kutoka kwa mtu ambaye hatutamtaja. Ni hatari. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alishikiliwa siku tatu mwezi uliopita kwa kujaribu redio bila kibali, na alirudi akichechemea. Twahiru anayajua hayo. Angeweza kuchagua antena fupi ya kuficha chini ya boneti, lakini amechagua ndefu ya wazi, na ametoboa paa la gari la rafiki yake, kwa ruhusa, ili ikae katikati.

"Siku zote nachagua antena ya kusikia," anasema. "Sasa nachagua ya kusikika. Naomba Mungu ijibiwe. Ikijibiwa, nitaenda kumchukua, hata kama iko kwa nani."

Amekubaliana na mama yake. Hodi ikijibiwa, hitima itaahirishwa. Isipojibiwa, itasomwa Jumapili, na Twahiru mwenyewe atachinja mbuzi.

Yasmina ameweka sharti lake. Atakayebonyeza ni yeye.

"Ni mume wangu," alisema akiwa kwenye cherehani, mguu ukiendelea kukanyaga. "Shemeji ametafuta vya kutosha. Nitambonyezea mimi. Akinyamaza, Jumapili nitaingia eda, nitalia kama watu wengine, basi."

Mwandishi alimuuliza anachokiogopa zaidi ni nini, kimya au jibu.

Alisimamisha cherehani. Alikata uzi kwa meno, akaukunja mkono wa gauni aliokuwa akiushona, akaulaza mapajani.

"Nilikwenda kuliona lori, na mle hamna redio wala mtu wa kubonyeza," alisema. "Naogopa jibu."