Mlango wa Nyuma wa Ndege

Siku niliyowaambia watu wa ng'ambo kwamba baba yangu alikuwa rubani, baba mwenyewe alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, akichambua mchele. Sinia lilikuwa mapajani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, na kila alipopata kijiwe alikiweka kwenye kifuniko cha kopo. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta yangu kando ya dirisha. Niliuandika ule uongo, nikautuma, kisha nikamuuliza kama angependa chai.

Baba hakuwa rubani. Kwa miaka ishirini na sita alisafisha ndege. Alifagia, akapangusa viti, akatoa maganda na karatasi kwenye mifuko ya viti, akamwaga vyoo. Nilikulia mtaa wa Makadara nikilijua hilo, na nikijua kulificha. Nilipokuwa darasa la tano alikuja kwenye mkutano wa wazazi moja kwa moja kutoka kazini, na ovaroli yake ya buluu. Msichana mmoja ambaye baba yake pia alifanya kazi uwanja wa ndege akasema kwa sauti, "Huyo ndiye huosha choo cha ndege." Darasa likacheka. Mwalimu aliponiuliza mzazi wangu ni yupi, nilimjibu kwamba hajafika. Baba alikuwa amesimama pale mlangoni. Sijui kama alinisikia. Hajawahi kulisema.

Sasa nina miaka arobaini na mmoja. Natunza mafaili katika zahanati moja, na naishi mtaa wa Umoja, orofa ya nne, pamoja na baba, ambaye alihamia kwangu mama alipofariki. Nikitoka kazini huwasha kompyuta na kurusha ndege. Ni programu inayoiga urubani: unaona vyombo vyote vilivyo mbele ya rubani, unawasha injini, unapaa, unatua, na ukikosea unaanguka bila kuumia. Programu huja na ndege zake, lakini wapo watu wanaotengeneza nyingine za kuongezea. Kikundi kimoja cha wazee wa ng'ambo kilitangaza kwamba kinatengeneza ndege moja ya zamani ya abiria, ya injini mbili za pangaboi, yenye mabawa juu ya mwili na madirisha makubwa ya mviringo. Niliitambua papo hapo. Ndiyo ndege aliyoifagia baba.

Niliisubiri kwa miezi. Kila Ijumaa walikuwa wakiweka picha moja kwenye ukurasa wao: gurudumu, bawa, mishale ya kupimia mafuta. Watu kama arobaini hivi tulikuwa tukikusanyika pale kutoa maoni. Ijumaa moja wakaweka picha ya mlango wa nyuma, ule wa abiria. Nikamwita baba aje aone.

"Hapo wamekosea," alisema hata kabla hajaketi. "Huo mkono wa mlango ukifungwa haulali hivyo. Unatazama mbele. Na lazima uusukume kwa bega kwanza, la sivyo haushiki."

Niliandika hivyo hivyo, naye akarudi kwenye mchele wake. Muda si muda mmoja wao akaniuliza nimejuaje. Vidole vyangu vilikuwa juu ya vibonyezo. Ningeweza kuandika ukweli kwa maneno yale yale machache. Niliandika kwamba baba yangu alikuwa kapteni wa ndege hiyo kwa miaka ishirini na sita.

Wakafurahi ajabu. Tangu siku hiyo kila picha ikitoka walikuwa wakiuliza, "Kapteni anasemaje?" Nami nikawa namwendea baba na maswali. Taa za ndani zilikuwa na rangi gani? Ndege ikisimama, ni pangaboi lipi lilinyamaza kwanza? Baba hakujua kwa nini nauliza. Aliona tu kwamba mwanawe, ambaye hakuwahi kumuuliza lolote kuhusu kazi yake, sasa anauliza kila siku. Alianza kunisubiri. Nikiingia tu jioni, kabla sijavua viatu, ananiambia, "Mama, leo nimekumbuka jambo." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Alinieleza jinsi maji ya mvua yalivyojikusanya chini ya zulia la safu ya mwisho. Alinieleza kwamba chumba cha marubani aliruhusiwa kuingia na kitambaa kimoja tu, apanguse kioo na asiguse kingine chochote, na kwamba alikuwa akishika pumzi mle ndani ili asije akagusa swichi kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa nakaa chini na kuyageuza. Aliposema "nilipokuwa nikifagia," niliandika "alipokuwa akikagua." Ufagio niliuondoa kila mahali ulipotokea. Kitambaa nacho nikakiondoa.

Kisha mzee aliyeongoza kikundi, ambaye zamani alikuwa fundi wa ndege hizo hizo, akaniomba namba ya simu, akaniandikia faraghani. Walitaka kuzungumza na kapteni kwa video. Walitaka kumtaja katika kijitabu kitakachoambatana na ndege. Niliogopa, nikajibu kwamba haiwezekani, kapteni ni mgonjwa. Akauliza anaumwa nini. Nikaandika: moyo. Amelazwa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nje kwenye kibaraza nikianika nguo. Baba alikuwa amerudi kutoka mazoezi ya kwaya, hajavua hata tai. Simu yangu ikalia juu ya meza, nami nikamsikia akiipokea. Hilo halikunishtua, kwani huwa anapokea dada yangu anapopiga video kutoka Uarabuni. Nilichosikia baadaye ndicho kilichonitia baridi. Alikuwa akizungumza Kiingereza, kile Kiingereza chake cha uwanjani, cha adabu na cha polepole.

Niliingia na vibanio vya nguo mkononi. Kwenye kioo cha simu alikuwa mzee mwenye mvi, amevaa sweta, uso umejaa huruma.

"Mama," baba akaniambia kwa Kiswahili, "huyu mzee ananiita kapteni. Ananipa pole. Anasema nimelazwa."

Alikuwa ananipa nafasi niseme. Naikumbuka nafasi hiyo vizuri, ilitosha kabisa. Ningeweza kusogea mbele ya simu na kusema, samahani, ni mimi. Nilitazama vibanio.

Baba akaigeukia simu. "Kumetokea kutoelewana kwa lugha," akamwambia yule mzee. "Binti yangu aliandika vizuri, ila pengine lugha zetu zimepishana. Mimi sikuwa rubani. Nilikuwa msafishaji. Na kwa neema ya Mungu si mgonjwa."

Baba ni mzee wa kanisa. Tulipokuwa wadogo alituchapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Nilimsikia akisema neno ambalo alijua si kweli, kwa sauti tulivu, akiwa na tai shingoni, kwa ajili yangu.

Yule mzee akauliza, "Basi wewe ndiye unayeujua ule mlango?"

"Mlango naujua," baba akasema.

Wakaanza kuzungumza. Nilirudi nje, nikamaliza kuanika, nikaanikua zilizokauka, na bado walikuwa wakizungumza. Mara mbili nilisikia baba akicheka. Nilibaki nje hadi nikasikia ameagana naye.

Nilipoingia alikuwa akifungua tai. "Lile la kapteni," alisema bila kunitazama, "naweza kulielewa. Kila mtu angependa baba yake awe mkubwa. Lakini ugonjwa, mama? Mtu hatiwi ugonjwa. Hilo jambo halichezewi."

"Nisamehe, baba."

"Uliniwekea ugonjwa gani?"

"Moyo," nikasema.

"Moyo," akarudia. Akaikunja tai mara nne, akaenda chumbani kwake.

Jumatatu aliniomba nimpeleke akapimwe. Nilimwambia hana dalili yoyote. "Najua," akasema, "lakini jambo limeshasemwa, na mimi nataka lisemwe kinyume." Niliomba ruhusa kazini. Tukapanga foleni hospitalini asubuhi nzima kwenye benchi, yeye na kofia yake magotini, mimi kando yake. Daktari, msichana mdogo kwangu kwa miaka mingi, alimsikiliza kifua, akamfunga zile nyaya za kupimia moyo, akatazama karatasi, akamwambia, "Mzee, moyo wako uko sawa kabisa. Umekuja kwa nini hasa?"

Baba hakunitazama. "Nilitaka tu kujua," akasema. "Naomba uniandikie."

Daktari akaandika. Baba akaisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Tulipokuwa tunavuka barabara kurudi nilitambua kwamba amebeba uongo wangu wote peke yake: mmoja ameufunika, mwingine ameupeleka hospitalini ukafutwe. Mimi sikuwa nimefanya lolote isipokuwa kuomba ruhusa kazini.

Jioni hiyo niliketi kwenye kompyuta. Kuna wakati nilijiambia kwamba baba ameshasawazisha mambo, niyaache yalivyo. Lakini maneno yangu yalikuwa bado pale ukurasani, yamepangwa wiki baada ya wiki, na mtu yeyote angeweza kusoma kwamba hakuna lugha iliyopishana. Niliandika: "Hamkuelewa vibaya. Nilidanganya. Baba yangu alisafisha ndege hizi, na yote niliyowaeleza ni yake. Hakuwa mgonjwa. Niliona aibu juu ya kazi yake, naye hakujua nilichokuwa nikifanya."

Baadhi walijibu kwa upole. Wengine hawakunijibu kabisa, na bado hawanijibu. Mmoja aliandika kwamba alishuku zamani, kwa sababu hajawahi kukutana na kapteni anayejua kifuniko cha tangi la choo kinafunguliwa upande gani. Nilicheka, kisha nikaona nimecheka peke yangu.

Ndege ilitoka Jumatano, baada ya majuma mengine matano. Nilikuwa nimeisubiri kwa hamu ambayo sijawahi kumweleza mtu, lakini ilipofika niliikalia siku tatu bila kuifungua. Katika kijitabu chake, kwenye orodha ya waliosaidia, kulikuwa na jina la baba, limeandikwa bila kosa la herufi, na mbele yake: msafishaji wa ndege. Nilimpelekea simu asome. Akasoma. "Wameandika vizuri," akasema.

Jumamosi nikamwomba aje aione. Aliketi kwenye kiti cha plastiki kando yangu. Niliwasha injini ya kulia, kisha ya kushoto, nikadhani angefurahia mlio wake. Aliusikiliza kwa adabu tu.

"Unaweza kwenda nyuma?" akauliza.

Nilisogeza picha hadi kwenye sehemu ya abiria, nikapita kati ya viti, safu baada ya safu, mpaka mlango wa nyuma. Mkono wa mlango ulikuwa unatazama mbele. Baba akainama karibu na kioo, akatazama zulia, akatazama mifuko ya viti, akatazama chini ya safu ya mwisho.

"Ni safi mno," akasema. "Hakuna mtu aliyekaa humu."

Nilitaka kumwuliza zaidi. Nilitaka aseme, "Mama, nimekumbuka jambo." Lakini aliinuka, akachukua kofia yake, akasema anakwenda kwa kinyozi kabla foleni haijawa ndefu.

Ni mwaka sasa. Tunaishi vizuri, tunakula pamoja, ananiombea kila asubuhi kabla sijatoka. Ila habari za uwanjani hanisimulii tena. Kuna mambo mengi sijamuuliza: alianzaje kazi ile, nani alimfundisha, siku yake ya mwisho kazini aliyatoa wapi yale maua ya plastiki aliyokuja nayo nyumbani. Mara kadhaa nimeketi karibu naye nikiwa na swali tayari mdomoni. Namtazama, naye ananitazama, na nyuso zetu zote mbili zinajua swali langu la mwisho nililitumia kufanyia nini. Basi namuuliza kama angependa chai.