Tulipogoma Kumsalimia Meneja

Naanza kwa kuomba radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi ya Karatu baada ya upepo, na makosa ya tahajia mtayaona wenyewe. Pia naandika polepole. Shule ya msingi, mwalimu alikuwa anafuta ubao kabla sijamaliza kuandika tarehe, kwa hiyo madaftari yangu ya darasa la tano yana tarehe nyingi na masomo machache. Ukitaka kujua kama siku fulani ilikuwa Jumatano, niulize mimi. Mito ya Tanzania, muulize mwingine.

Aliyeniagiza kuandika ni Bibi. Si bibi aliyemzaa mama yangu. Huyu ni Mjerumani, mzee wa nywele nyeupe anayeishi peke yake Oldeani, katika nyumba ya mabati inayopakana na shamba la kahawa. Nilipomaliza darasa la saba nilianza kuchuma kahawa katika shamba hilo pamoja na mama yangu, na ndiyo namna nilivyomfahamu. Huvaa viatu vya mpira vya kiume na soksi alizofuma mwenyewe, na kila kiumbe humwita ndugu. Kuku akiingia jikoni husema, "Ndugu, toka, tulishakubaliana."

"Mimi nimeishi, wewe andika," aliniambia. "Hapo tumegawana kazi."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini asiandike mwenyewe. Akasema wanasiasa wakiandika maisha yao hushinda kila ukurasa, na yeye alishindwa karibu kila mwaka, hivyo anataka mtu mwaminifu asiye na haraka.

Basi maisha yake ni haya, kwa kadiri kalamu ilivyofika.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha vifungo vya nguo. Wanawake walifungiwa mlango kwa nje mpaka saa ya kutoka. Siku moja akapanda juu ya sanduku la vifungo akaanza kuwahutubia wenzake. Katikati ya hotuba sanduku likapasuka, vifungo vikamwagika sakafuni, na polisi waliokuja kumkamata wakateleza mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho. Mlango haukufungwa tena kwa nje. "Huo ndio ushindi wangu mkubwa katika siasa," husema, "na haukuwamo kwenye ajenda."

Akaingia chama cha wafanyakazi, na chama cha siasa cha mrengo wa kushoto. Chama kikagawanyika mara mbili. Kila nusu ikagawanyika tena. Mwishowe tawi lao likabaki na watu wawili, yeye na rafiki yake wa kike, nao wakagombana. Halafu akatawala yule mwenye kisharubu kifupi, Bibi akafungwa, akaachiwa, akafungwa tena. Alipotoka akatoroka nchi ndani ya gari la mikate, amekalia mikate ya moto. Anasema hiyo ndiyo safari pekee ya uhamishoni ambayo hakusikia baridi.

Mkulima mmoja wa kahawa wa Oldeani alikubali kuandika barua kwamba anamhitaji awe mpishi wake, ili aruhusiwe kuja huku. Bibi hajui kupika. Yule mkulima alikonda. Wajerumani wengine wa huku walimpenda mwenye kisharubu, na hawakumkaribisha Bibi hata kwa maji. Kisha vita ikaja, Waingereza wakakusanya Wajerumani wote wakawafungia pamoja, na Bibi akajikuta kambini na watu wale wale aliokuwa akiwakimbia.

"Nimefungwa mara tatu," husema akihesabu kwa sindano ya kufumia. "Mara mbili kwa sababu ni adui wa Ujerumani, mara moja kwa sababu ni Mjerumani."

Baada ya vita akarudi Oldeani, na hajaondoka.

Sasa nije kwenye habari ya uji, maana hapo mimi mwenyewe nilikuwepo.

Shambani ilikuwa desturi saa nne asubuhi kuletewa uji wa mahindi katika pipa, kila mtu kikombe chake cha bati. Mwezi wa saba Oldeani ukungu hulala chini mpaka huoni mti wa kahawa unaofuata, na vidole hufa ganzi. Bila uji, mtu anachuma majani. Mwaka ule akaletwa meneja mpya, na wiki ya pili akaondoa uji. Alisema tunakunywa kwa muda mrefu mno. Mama alikuwa ananyonyesha mdogo wangu, na kufika mchana maziwa yalikuwa yamekauka. Mtoto alilia katika mistari ya kahawa mpaka akabadilika rangi.

Mama akaenda kumwambia Bibi. Bibi alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya miaka mingi. Siku ya pili alasiri wachumaji wote tulikuwa uani kwake.

"Ajenda ni moja," alisema. "Uji."

"Na ya pili?" akauliza mama. Mama yangu ana sauti ya watu wanne. Nadhani alichukua na yangu.

"Hakuna ya pili. Kule kwetu tulikuwa na ajenda kumi na saba, tukashindwa zote. Sasa tunahitaji katibu. Nani amemaliza la saba?"

Mama akanyoosha kidole kwangu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya banda la kuku.

"Lakini huyu hasemi, Bibi," wanawake wakapiga kelele. "Huyu hata akiungua huenda pembeni kwanza."

"Vizuri sana. Makatibu wanaosema ndio waliotumaliza. Njoo, Ndugu Katibu."

Akanipa daftari na kalamu, akatangaza sheria mbili za mkutano. Ya kwanza, kisichoandikwa hakikusemwa. Ya pili, hakuna anayeondoka mpaka Katibu amalize. Majadiliano yalichukua robo saa. Muhtasari ulikwisha ng'ombe wakirudi nyumbani. Wanawake walinitazama vibaya, mmoja akasema, "Mtoto, weka tu alama ya msalaba, Mungu ataelewa."

Bibi alitueleza mgomo ni nini. Mnamnyima bosi kile anachokitegemea kutoka kwenu, basi, mpaka akubali. Tugome Jumatatu. Tukakubali kwa mikono.

Njiani kurudi ndipo tulipoharibu, au ndipo tulipotengeneza, mpaka leo sijui. Mama alisimama katikati ya njia akauliza, "Jamani, huyu meneja anategemea nini kwetu?"

"Kahawa," mmoja akasema.

"Kahawa si yake, ni ya shamba. Tena imeiva. Kuiacha ikauke mtini, wewe utalala usingizi?"

Hakuna aliyeweza. Watu wa huku si watu wa kukaa nyumbani wakati wa mavuno huku mikono ni mizima. Hapo mama akasema, "Meneja anategemea salamu."

Ilikuwa kweli. Yule meneja alitoka mbali, hana ndugu huku, mke wake alikuwa bado hajamfuata. Kila asubuhi alisimama kwenye ngazi ya ofisi ili tupite mbele yake mmoja mmoja, na alimjibu kila mtu kwa ukamilifu, na habari za mifugo akauliza. Salamu zile ndizo zilikuwa chai yake.

Jumatatu alfajiri tukapita mbele ya ngazi kama mawe yanayotembea.

"Habari za asubuhi!" akasema.

Kimya.

"Hamjambo?"

Kimya. Mimi nilikuwa wa mwisho. Akaniangalia akasema kwa huzuni, "Wewe nakufahamu. Wewe uligoma tangu nilipokuja." Haikuwa haki. Kila siku nilimwamkia, ila shikamoo yangu haikuwahi kutoka nje ya kanga.

Saa nne Bibi akafika na kibao cha boksi alichoandika UJI kwa herufi kubwa. Akatukuta tunachuma kuliko siku zote, maana tusiposalimiana na mtu muda unabaki mwingi.

"Ndugu zangu! Mnafanya nini?"

"Tunagoma, Bibi."

"Kwa kuchuma?"

"Leo hatumsalimii."

Bibi alikaa chini kwenye mstari wa kahawa, kibao mapajani. "Miaka hamsini ya vyama," alisema. "Miaka hamsini!" Halafu akasema kule kwao Ujerumani jambo hilo lisingefaa kitu, kwa sababu katika mji wake hakuna anayemsalimia mtu, wangegoma miaka mia bila bosi kujua.

Kwangu zilikuwa siku nzuri kuliko zote. Kwa mara ya kwanza nilikuwa sawa na watu wote.

Jumanne meneja alivaa shati jipya. Akatupa pole ya baridi. Akamuuliza mama hali ya mtoto. Mama akauma ncha ya kanga mpaka tukapita kona. "Nusura nimjibu," alisema akihema, "ameuliza kwa adabu mno!"

Jumatano akapita mzee wa Kimasai wa Nainokanoka, rafiki wa wengi wetu, ambaye hushuka na punda zake kununua mahindi. Akatusalimia kwa Kimasai. Sisi tulikuwa tumezoea kunyamaza, tena ofisi iko karibu, tukanyamaza. Akasalimia tena kwa Kiswahili. Kimya. Akatutazama, akavua kofia yake ya sufu, akasema, "Poleni sana. Ni nani aliyefariki?" Kabla hatujapata la kufanya akafunga punda na kuketi nasi chini, fimbo magotini, uso umeinama, kama inavyompasa mtu muungwana kwenye msiba. Mama alipomnong'oneza kwamba hakuna msiba ila uji, akafikiri kidogo akasema uji pia ni jambo zito, akaendelea kukaa.

Meneja akachungulia dirishani. Aliona wachumaji kimya, na Mmasai kimya na fimbo. Alhamisi alasiri alikuja uani kwa Bibi, tulikokuwa tumekusanyika, kofia mkononi.

Mama alikuwa amembeba mtoto mgongoni, mtoto analia. Nilijua leo ndiyo leo. Tukishindwa, mama ataacha kazi, nami nitabaki kuchuma peke yangu kwa ajili ya wote. Bibi akaniketisha kwenye kigoda mbele kabisa, na daftari.

"Ndugu Meneja, karibu useme. Katibu anaandika."

Meneja akakohoa. "Ndugu zangu, uji ni haki ya mfanyakazi, hilo sipingi. Lakini..." Na hapo akafunguka. Alisema juu ya muda, juu ya kuni, juu ya pipa lenye kutu, juu ya nidhamu, juu ya wageni wanaotarajiwa, juu ya shamba alilotoka ambako watu hawanywi kitu na wananenepa. Alisema vizuri, bila kusita, mpaka baadhi ya wanawake wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeinama tu. Alipomaliza akajifuta jasho, akavaa kofia.

"Asante," Bibi akasema. "Sheria ya mkutano, kisichoandikwa hakikusemwa. Ndugu Katibu, soma."

Kusoma mbele za watu! Masikio yangu yalichemka. Nilisimama, daftari limenifunika uso, nikasoma kwa sauti ndogo hata kuku wakanyamaza kusikiliza.

"Meneja alisema: Uji ni haki ya mfanyakazi, hilo sipingi."

Nikakaa.

Mama ndiye aliyeanza vigelegele, kwa sauti ya watu wanne. Meneja akageuka huku na huku. "Na yale mengine? Mimi nimesema mengi!"

"Ndugu Katibu," Bibi akaniuliza, "yale mengine umeyaandika?"

"Bado sijafika," nikasema. Ilikuwa kweli. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeweka nukta.

"Hapana shida. Anaweza kuendelea, sisi tutangoja. Ndugu Meneja, rudia kuanzia kwenye 'lakini'."

Nikashika kalamu. Meneja akaja akasimama juu ya bega langu, akanitazama nikiandika herufi L. Akanitazama nikirudia herufi L kwa sababu ya kwanza ililala. Akaangalia jua. Akaangalia mtoto anayelia mgongoni kwa mama. Kisha akavua kofia tena.

"Leta hapa niweke sahihi," akasema.

Ijumaa saa nne pipa lilirudi. Mama alikunywa vikombe vitatu, na mdogo wangu akalala usingizi chini ya mti wa kahawa, tumbo juu. Asubuhi hiyo tulikuwa tumemlipa meneja salamu zake zote za siku nne, kila mtu na zake, na habari za nyumbani, na za kazi, na za baridi, hata akachelewa kufungua ofisi. Alikuwa anacheka kama mtu aliyepokea wageni wa arusi.

Bibi alimwandikia rafiki yake wa Ujerumani, yule waliyebaki naye wawili wakagombana, kumweleza ushindi. Jibu lilipokuja lilisema ule haukuwa mgomo, kwa kuwa kazi ilifanyika. Sasa wanagombana upya kwa posta, na Bibi amepata rangi usoni. Anasema hafi kabla barua ya mwisho haijawa yake, wala kabla sijaandika kifungo chake cha pili, ambacho nitakianza mvua zikipungua.

Kwa hiyo nina ombi. Ninyi mliosoma, mniandikie kupitia kwa mhariri wa gazeti hili, mseme kama ule ulikuwa mgomo au haukuwa. Bibi atafurahi zaidi kwa watakaompinga. Kila barua nitaijibu mwenyewe. Tarehe itakayokuwa juu ya jibu langu itakuwa sahihi kabisa, ila jueni ni ile niliyoanza kuandika.