Ng'ombe Asiyesema

Kwenye makao ya wazee ninapofanya kazi ya uuguzi, hapa Kiomboi, kumuuliza mzee kama anaumwa ni kupoteza muda. Unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, ukimuuliza hali anasema nzuri. Hata mwenye homa kali atasema nzuri. Mwanamume aliyetahiriwa porini bila kupepesa jicho anaona ni aibu kumlalamikia binti wa umri wa mjukuu wake.

Babu mmoja, mfugaji wa zamani, alianza kusukuma mikono yetu tukitaka kumwogesha. Uji wa ulezi akauacha ukapoa. Mwenzangu wa zamu akasema ni uzee tu, wazee wengine hugeuka wakali. Nilikasirika. Mtu aliyekuwa akitutania kila asubuhi hageuki mkali hivi hivi. Nikaapa sitatoka zamu kabla ya kujua anaumwa wapi.

Nilimuuliza, akasema nzuri. Nikamtania kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akageukia ukutani. Basi nikavuta kigoda, nikaacha habari zake, nikauliza za mifugo. Ng'ombe hasemi, je, yeye alikuwa anajuaje kwamba anaumwa?

Hapo akachangamka. Alinieleza kwa raha zote kwamba ng'ombe mgonjwa hujitenga na wenzake, huacha kucheua, masikio hulegea. Ukimgusa penye maumivu hupiga teke, na mguu mbovu haukanyagii sawasawa.

Nikamwambia polepole, "Babu, ninaye mmoja wa namna hiyo. Haendi tena kuota jua na wenzake. Chakula amekiacha. Akiguswa upande wa kulia anasukuma mkono, na akisimama anaegemea mguu wa kushoto."

Aliweka mkono juu ya nyonga yake ya kulia.

"Huyo anaumwa sana, mjukuu wangu," akasema.

Machozi yalinitoka, lakini tayari nilikuwa mlangoni kumwita daktari. Picha ya hospitali ilionyesha ufa kwenye nyonga. Alikuwa ameanguka bafuni na hakumwambia mtu.

Anaendelea kupona. Asubuhi namwamkia shikamoo kama ilivyo desturi, na akishaitikia siulizi hali yake. Nauliza ng'ombe wetu ameamkaje.

"Leo hajalala kabisa," ananiambia siku nyingine, nami naenda kumletea dawa.