Mgongo wa Anjela

Nilikwenda Kalima kwa sababu ya maneno machache ya simu. Zuhura, mkunga mwenzangu wa zamani, alinong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa nyumbani mwake mwenyewe: "Dada, kuya. Anjela angali anaikala ku mugongo yangu."

Anjela, ambaye Zuhura alisema bado anakaa mgongoni mwake, alikuwa mwenzetu wa tatu, na tulikwisha kumzika. Tangu mazishi hayo Zuhura alikataa kuzalisha, na wanawake wa mtaa wake walikuwa wakishikwa na uchungu njiani wakienda kituo cha mbali. Bado hajafa mtu. Nilijua bahati hiyo haitadumu.

Wakati wa vita sisi watatu tulikimbia kutoka Kindu, tukajificha msituni na wanawake wengine kando ya njia ya Kalima. Mimba haingoji amani. Mmoja wetu akizalisha, mwingine alikaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, akitazama njia. Anayezalisha hakugeuka kamwe. Joto la mgongo ule lilimwambia kwamba hakuna anayekuja. Na mlinzi hakuinuka mpaka wa tatu amguse bega na kusema, "Nimefika. Inuka." Anjela, mfupi mnene asiye na mzaha, alishika sheria hiyo kuliko sote. Siku moja siafu walimpanda mpaka kiunoni, akabaki amekaa, machozi yakimtoka. Tulimcheka mpaka vita vikaisha.

Baadaye wao wawili walibaki Kalima kwenye zahanati ndogo, wakiendelea kukaa hivyo kwa mazoea. Mimi nilirudi Kindu, kwenye wodi kubwa ambapo kila mtu ana haraka na kila mgongo uko peke yake.

Asubuhi baada ya simu ile niliondoka Kasuku, mtaa wangu wa Kindu, nikavuka Lualaba kwa mtumbwi. Ng'ambo, Alunguli, nilipata pikipiki ya Rashidi, mwanamume wa makamo aliyezungumza bila kupumua. Tulizungumzia mvua, tukazungumzia bei ya chumvi, tukasukuma pikipiki kwenye matope huku tukizungumza. Kisha msitu ukafunga juu yetu, naye akanyamaza.

Mchana tulifika pale tulipojificha. Nilimwomba asimame.

"Mama, hapa batu habasimamake."

"Juu ya nini?"

"Sijui. Ndege habaimbake hapa."

Alisimama, lakini hakuzima mtambo. Niliingia kidogo tu. Gogo tulilokuwa tukikalia lilikuwepo bado, ingawa miti ya namna ile huoza upesi. Kuvu ilikuwa imelifunika lote isipokuwa mahali pamoja, upana wa makalio ya mtu, palipong'aa. Nilipagusa. Palikuwa na joto, na jua halifiki pale. Nilirudi kwenye pikipiki mbio, licha ya magoti yangu mabovu.

Alasiri, Kalima. Zuhura alikuwa amekaa nje ya zahanati, mgongo ameubana ukutani. Alikuwa amekonda. Hata salamu alinipa bila kuubandua.

"Nikiinama tu kupokea mutoto, anakuya. Mugongo iko na moto, njo mugongo yake kabisa. Naogopa, dada."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Anaikala tu."

Nilimwuliza jinsi Anjela alivyokufa, maana mazishini sikuthubutu.

"Alikuwa na homa, akakatala kulala. Mi nilikuwa nazalisha. Akaikala nyuma yangu, akanilalia na uzito yote, nikafikiri amechoka. Mutoto akatoka, njo nikasikia mugongo yake imekuwa baridi."

"Na nani alimwambia inuka?"

"Hakuna muntu."

Tulimwombea, tulimwosha, tulimlilia. Hayo yote tulifanya. Neno lile moja hatukumpa.

Kesho yake asubuhi mama mkwe mmoja aliingia zahanatini akimshikilia mkazamwana wake. Hakukuwa tena na wakati wa kituo cha mbali. Zuhura alipiga magoti mbele ya mzazi. Nyuma yake palikuwa na mkeka, na katikati mkeka ulikuwa umebonyea, ingawa juu yake hapakuwa na kitu. Nilinyoosha mkono kwenye kimo cha bega la Anjela. Hewa pale ilikuwa na joto kama lile gogo. Niliogopa sana, na vilevile nilimkumbuka sana.

"Nimefika, Anjela," nikasema. "Inuka."

Mkeka uliinuka polepole, ukilia ukindu kwa ukindu, kama unavyolia mtu mnene akisimama. Nikakaa. Mgongo wa Zuhura ulikuwa umelowa jasho, kisha ukatulia ukiegemea wangu. Mtoto alilia kabla sijamaliza dua yangu.

Nilitaka kuinuka nikalete maji. Zuhura hakugeuka. "Dada, nani amekuambia inuka?"

Hakuwa akitania. Na haki ilikuwa upande wake. Ningeondoka, nani angekaa? Mama mkwe akaleta maji mwenyewe, na mimi nikabaki Kalima, nikikaa kila palipozaliwa mtoto, mpaka alipokuja Mwamini, mkunga kutoka mji wa Kama aliyekubali kuishi na Zuhura. Aliingia na mzigo wake kichwani, akanigusa bega kama Zuhura alivyomfundisha. "Nimefika, mama. Inuka." Sikutegemea kwamba neno lile lingenitoa machozi.

Njiani kurudi, Rashidi alisimama mwenyewe mahali palepale pa maficho yetu kukaza mnyororo, akisimulia habari za shemeji yake, ndege wakimzidi kelele. Nilikwenda kuangalia gogo. Lilikuwa unga mwekundu.

Vita vilitufundisha kukaa. Tulidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe, kumbe ni nusu yake; nusu nyingine ni kumpokea aliyekaa.

Kindu sikupitia nyumbani kwanza. Niliingia wodini na matope yangu. Furaha, mwenzangu wa zamu, alikuwa ameinama juu ya mzazi, peke yake kama tulivyozoea. Nilisubiri mtoto atoke, kisha nikamgusa bega. "Nimefika," nikamwambia. "Inuka."

Akakaa chini palepale sakafuni, akaanza kulia.