Wifi na Boneti ya Baba

Wifi yangu, mke wa kaka, huvua pete ya ndoa kila asubuhi, na wala hajifichi. Anaiweka kwenye kopo la majani ya chai lililo rafuni, pamoja na saa na bangili, kisha anageuza mkanda wa suruali ili kifungo kikae mgongoni. Siku ya kwanza kuyaona hayo nilimwambia kaka, "Mwenzangu, umeachwa." Kumbe ni kazi. Mtu anayeegemea magari ya watu kutwa nzima hataki chuma mwilini.

Anaondoa mikwaruzo kwenye rangi ya magari kwa mashine. Pale gereji wanamwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake unaweza kujipaka wanja kwa kujitazama mlangoni. Ana kibanda cha mabati chenye taa ndefu, ndoo mbili na kamba ya kuanikia vitambaa. Kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, kinahamia kwenye matairi. Kwenye rangi hakirudi. Mimi naona ni ukali wa bure, lakini sijawahi kumshinda kwa ubishi.

Mtu mmoja tu alikuwa hamwamini: baba yangu, mkwe wake. Baba ana gari jeusi la zamani ambalo sisi watoto tulizaliwa tukalikuta. Mtoto wa jicho alipomziba macho aliacha kuendesha, kaka akawa dereva, ila kulifuta hakuacha. Kila kukicha yuko uani, kitambaa kikavu mkononi, vumbi juu ya rangi, na mkono unazunguka, unazunguka. Kisha anauliza, "Linang'aa?" Nasi kwa pamoja, "Linang'aa, baba!"

Halikung'aa hata kidogo. Lilijaa mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui, na jua likilipiga ungedhani limeoshwa na mtu anayesugua masufuria. Tulimvika mzee kilemba cha ukoka, na sijutii. Alikuwa anafurahi, nasi tunakunywa chai kwa amani. Wifi peke yake hakuwahi kuitikia. Siku moja alimwambia kwa adabu, "Baba, niachie nilipitishie mashine."

"Mashine yako inakula rangi, mkwe," baba akamjibu. "Gari langu? Ng'o!"

Basi baba akaenda kupasuliwa jicho, mambo yakawa mazuri, akabaki kwa mdogo wake karibu na hospitali apumzike. Mara simu ikalia. "Kesho narudi," akasema huku anacheka. "Naona mpaka sisimizi ukutani! Cha kwanza nataka kuliona gari langu." Kaka akanitazama, nami nikamtazama. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa imefika ukutani.

Tulilipeleka gari hadi kibandani kwa wifi tukiwa wapole kama wakosaji. Akakataa kuligusa mpaka mwenyewe ajue. Akampigia simu palepale, tukimfanyia ishara za mikono aache, naye akatugeuzia mgongo.

"Haya, fanya," sauti ya baba ikatoka. "Ila ukiitoboa rangi yangu, usiniite baba tena."

Alisema kwa kicheko. Lakini wifi alifiwa na baba yake akiwa mdogo, na neno hilo hulitamka kama mtu anayebeba yai. Akatia simu mfukoni, akachukua ndoo zote mbili.

Akaliosha. Akavaa mfuko wa plastiki mkononi na kupapasa rangi, maana vidole vikiwa ndani ya plastiki vinasikia kila chembe iliyong'ang'ania. Akabandika utepe kwenye kingo zote, kwa kuwa kingoni ndiko rangi hutoboka upesi. Halafu akajaribu sehemu ndogo tu mlangoni, kwa dawa ya kung'arishia na sponji laini kuliko zote. Mashine ikanguruma taratibu, kushoto kulia, kisha juu chini, na kila baada ya muda akagusa bati kwa mgongo wa kiganja kusikia joto.

Sponji ikatoka nyeusi tii. "Mungu wangu, unaitoa rangi!" nikapiga kelele.

"Ndiyo kazi yenyewe, wifi. Mkwaruzo ni mtaro. Mimi siujazi, nashusha kingo zake mpaka zilingane na chini. Ukinishikia taa bila kupiga kelele nitashukuru."

Akafuta kwa spiriti, maana mafuta ya dawa huficha mikwaruzo na kumdanganya fundi. Nikamulika. Utando haupo! Palikuwa na weusi mzito, mtulivu, na ndani yake pua yangu, kubwa kama nilivyorithishwa. Nikacheka peke yangu. Milango ikafuata, kisha paa na ubavu wa pili, nami nikawa naimba.

Kwenye boneti akazima mashine. Aliweka kipimo chake cha unene wa rangi, akakiweka tena pembeni, akatikisa kichwa. Hapo ndipo baba alipokuwa anaanzia kufuta kila siku, akiwa na nguvu za asubuhi. Rangi ilikuwa imebaki kama ngozi ya kitunguu.

"Pitisha kidogo tu," kaka akabembeleza.

"Itatoboka."

"Basi paka mafuta mazito yazibe mikwaruzo. Mzee hatajua."

"Yataziba mpaka siku ya kuoshwa. Halafu nimwambie nini?" Akaanza kukunja waya wa mashine. Kaka alinuna, mimi nikawa roho mkononi.

Kesho yake baba akashuka uani na miwani myeusi. Akaenda moja kwa moja mlangoni mwa gari, akainama. "Huyu mzee ni nani?" Tukaangua kicheko, naye akacheka kuliko sote. Akapapasa mlango, akazunguka, akafika kwenye boneti. Akainama tena.

"Hapa mbona pana utando?"

Kaka akakohoa. Mimi nikaanza kukagua tairi.

"Hapo rangi imekwisha, baba," wifi akasema. "Ningeendelea ingetoboka."

"Nani ameimaliza?"

"Kitambaa chako. Kikavu, juu ya vumbi."

Nilikuwa natafuta pa kutorokea. Baba akatugeukia sisi wanawe, akabana pua na kutuigiza: "Linang'aa, baba!" Kisha kicheko kikamshinda mpaka akaegemea boneti yenyewe. "Nyumba nzima ya waongo! Na mkweli nimeletewa kutoka kwa watu!"

Akarudi mlangoni, akamwita wifi asimame kando yake. Ndipo nikakumbuka: alipoolewa kwetu, macho ya baba yalikwishaingia ukungu. Sauti yake aliijua, chai yake aliijua, sura hakuwahi kuiona. Akavua miwani, akaitazama kwa muda ile sura iliyokuwa karibu na yake ndani ya rangi nyeusi.

"Kumbe una mwanya," akasema. "Na hakuna aliyeniambia."

"Baba!" wifi akaziba mdomo kwa aibu.

"Naam, mwanangu. Haya, nionyeshe gari linavyofutwa."